Uzoefu wangu: kamera waliyoitoa shata, na mimi sikuambiwa

Nianze na uso wa bibi harusi, maana huo ndio umenikalisha hapa kuandika. Ukumbi uko Ipagala, saa tatu usiku, keki imeshakatwa, bwana harusi anamlisha mwenzake, watu wanapiga vigelegele. Picha nzuri kabisa. Ila imekatwa na mistari ya kiza kutoka upande mmoja hadi mwingine: mmoja juu ya nyusi, mwingine katikati ya pua, wa tatu umepita mdomoni pale pale alipokuwa anacheka. Kwenye gauni jeupe inaonekana zaidi, kama kivuli cha ngazi kimemlalia. Nikafungua picha ya pili, ya tatu, ya kumi. Vilevile. Nilikuwa nyumbani usiku wa manane, kompyuta mapajani, tumbo likaanza kunikata.

Kazi hii nina miaka mingi nayo hapa Dodoma. Kipaimara, sendofu, harusi, mahafali ya UDOM, vikao vya familia. Ukimuona dada kabeba mabegi mawili ya kamera anateremka bodaboda Jumamosi mchana, inaweza kuwa ni mimi. Na mabegi hayo ndiyo yaliyoniponza. Bega la kulia limechoka. Harusi inaanza saluni saa mbili asubuhi na inaisha saa sita usiku, na kamera yangu ya zamani, ile ya kioo cha kuakisi ndani, ukiiwekea lenzi na flashi juu yake, jioni unahisi umebeba tofali.

Kwa hiyo nikaanza kuzipigia hesabu hizi mirolesi, yaani kamera zisizo na kile kioo cha ndani, ndogo za fulu fremu. Fulu fremu maana yake ile sensa, kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, ina ukubwa wa fremu ya filamu ya zamani, milimita 36 kwa 24. Ya kamera yangu ya zamani haifiki nusu ya eneo hilo. Sensa kubwa, mwili mdogo, kilo nzima na zaidi imetoka begani. Nani asingetamani? Zamu yangu ya kikoba ikafika, nikaongezea akiba, nikapanda treni ya asubuhi kwenda Dar.

Duka silitaji. Yule kijana aliyenihudumia nilimuuliza maswali mawili tu. Flashi yangu itakaa? Na ukumbini usiku itakuwaje? Akaigeuzageuza kamera mkononi akitabasamu, akasema, "Dada, hii haihitaji flashi. Hii inaona gizani." Nikalipa. Nikiwa kwenye treni ya kurudi nikaitoa kwenye boksi, nikapitisha kidole pale juu pa kupachikia flashi. Reli ipo, lakini vile vidoti vya chuma vinavyoiambia flashi iwake havipo. Pako tupu, laini kama ukucha. Nikampigia hapo hapo. Akarudia yaleyale: haihitaji.

Na Mungu ni shahidi, mwanzoni nilimuona mkweli. Jumapili ya kwanza niliingia nayo kanisani kwenye ubatizo. Haina mlio. Ile "klak" ya kamera ya zamani, inayofanya mchungaji anyanyue macho na mtoto ashtuke, haipo kabisa. Nilisimama hatua mbili kutoka kwenye maji, mtoto amelala mikononi mwa baba yake wa ubatizo, mwanga ni wa dirisha moja tu, na picha ikatoka na rangi ya ngozi ambayo sijawahi kuipata maisha yangu yote. Huwa naongeza mwanga nyuso zetu zisimezwe na kiza. Safari hii sikuongeza kitu. Yule mama alipoziona alilia. Wiki zile nilikuwa namwambia kila mpiga picha ninayekutana naye: uza, uza hiyo mizigo yako, chukua hii.

Nawaomba radhi wote niliowaambia hivyo.

Maana nilichokuja kukijua baada ya Ipagala ni hiki. Ili kamera ile iwe ndogo namna ile, wameitoa shata. Shata ni pazia: lile pazia la ndani linalofunguka na kufunga mbele ya sensa, ndilo linalotoa mlio. Kamera hii haina pazia. Sensa iko wazi muda wote, na picha inasomwa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, haraka sana, lakini si kwa mkupuo mmoja. Sasa chukua taa za LED za ukumbini. Umeme wetu unabadilika mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei nafuu zinapanda na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Kamera inayosoma mstari kwa mstari inaona: mstari uliosomwa taa ikiwa imefifia unatoka na kiza, unaofuata unatoka na mwanga, na kwenye skrini ndogo nilidhani ni ile mitetemo tu ya skrini ambayo wote tumeizoea.

Mtaniambia nishushe spidi, yaani picha ichukue muda mrefu zaidi, hadi sehemu moja ya 100 ya sekunde, au ya 50. Nimeshusha. Mistari ya taa za dari inapungua kweli. Lakini kwa spidi hiyo bibi harusi akianza kucheza mikono inageuka moshi. Na zile taa za rangi za didjei zina mapigo yake zenyewe, hazifuati hesabu ya mtu. Kwa kamera ya zamani ningewasha flashi, ndiyo ingetawala na biashara imekwisha. Hapa flashi ndiyo hiyo, hata ukiipachika haiwaki.

Nikampigia kijana wa duka. Sikupiga kugombana, nilipiga kuomba msaada, kwamba labda kuna mpangilio nimeukosa. Akanisikiliza kama nusu dakika. Kisha akasema, na nayaandika maneno yake kama yalivyotoka: "Dada, kamera haina tatizo. Tatizo ni mpiga picha. Halafu huko Dodoma mnatumia taa gani?"

Huko Dodoma mnatumia taa gani!

Jamani. Umeme wa huku ni wa gridi ya taifa, huohuo unaowaka dukani kwake. Taa za ukumbi ule zimenunuliwa Kariakoo, pengine mtaa uleule anaouzia yeye. Angeiwasha kamera hiyo chini ya taa za duka lake mwenyewe, akaipeleka kwenye spidi ya juu, angeiona mistari hiyohiyo ukutani. Dakika moja. Hakufanya, au alifanya akanyamaza. Mimi sikuuliza kama ina shata kwa sababu huwezi kuuliza kitu ambacho miaka yote kimekuwepo. Hakuna anayekwenda kununua baiskeli akauliza kama ina breki. Lakini nilimuuliza kuhusu ukumbi, usiku, kwa mdomo wangu. Hilo ndilo swali lililokuwa na jibu, na jibu alikuwa nalo.

Mama mzazi wa bibi harusi alikuja ofisini siku ya kuchukua albamu. Nilikuwa nimehangaika na picha zile siku nne, moja moja. Nyingine zilipona, nyingine nikazigeuza za rangi nyeusi na nyeupe ili mistari isionekane sana. Alizifunua taratibu, mama mtu mzima wa Kigogo, kitenge kimefungwa vizuri, hana haraka. Alipofika kwenye ya keki akaweka kidole juu ya shavu la binti yake.

"Mwanangu, haya makovu yametoka wapi?"

Nikamwambia, mama, nisamehe, ni taa na kamera. Akafunua zaidi, akafika kwenye zile nyeusi na nyeupe. "Na hizi mbona hazina rangi? Harusi yetu haikuwa msiba." Hakupandisha sauti. Nilirudisha nusu ya malipo bila kuombwa. Akazipokea, akanishukuru, akaondoka na albamu kwenye mfuko wa plastiki. Ilikuwa heri angenigombeza.

Hayo mengine nayasema kwa kupita tu. Haina kile kidirisha cha kuchungulia kwa jicho, na jua la Dodoma saa saba mchana linaifuta skrini yote. Kwenye mahafali nilijifunika khanga kichwani ili nione ninachopiga. Mwili ni mdogo lakini lenzi za maana za fulu fremu hazipungui, kwa hiyo ukiiwekea lenzi kubwa inaelemea mbele na kidole kidogo hakina pa kushika. Kadi ya kuhifadhia picha ni moja, ikiharibika huna nakala, basi unaomba Mungu. Na vumbi! Upepo wa kiangazi unapoanza hapa, lile vumbi jekundu linaingia hadi kwenye chumvi. Kamera nyingine za mirolesi ukizizima zinashusha pazia kuilinda sensa wakati wa kubadilisha lenzi. Hii italishusha lipi? Unafungua lenzi, sensa inakutazama uchi. Sasa nabadilishia lenzi ndani ya gari, vioo vimepandishwa, na bado kila baada ya wiki kuna doa la vumbi kwenye anga la picha.

Kwa hiyo msinunue. Nilikuwa nimeshaandika hivyo na kuishia hapo, kisha wiki iliyopita nikaenda Kolo, na imenibidi niongeze.

Nilikuwa nawasindikiza wageni wa ndugu yangu kwenda kuona michoro ya mwambani ya Kondoa, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Miaka yote hii naishi mkoani na sikuwahi kufika. Unapanda kilima kwa miguu, mawe na miiba, na kamera ya zamani ningeiacha hoteli. Hii niliitia kwenye mkoba pamoja na chupa ya maji. Michoro iko chini ya miamba iliyoinama kama paa, kivulini, rangi ya udongo mwekundu: wanyama, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Mwongozaji anaongea taratibu. Niliinua kamera, hakuna mlio, hakuna flashi, na ile sensa kubwa ikavuta kutoka kwenye kile kivuli kila mstari wa mkono wa mtu aliyechora enzi hizo. Nyumbani niliikuza hadi nikaona punje za mwamba ndani ya rangi. Nilikaa nayo muda mrefu. Nisingekuwa na kamera hii, picha hiyo nisingekuwa nayo.

Sasa niseme nini? Kwa mtu wa safari, wa kanisani, wa picha za familia sebuleni, naona ni kamera ya kupendwa. Labda kwa hao niseme chukueni. Kwa mtu anayekula kwa kumbi za usiku, hapana, hata ukipewa bure, kwa sababu siku ikikuangusha haikuangushi wewe, inamwangusha mtu ambaye siku hiyo hairudii. Kisha nikikumbuka kile kidole cha mama juu ya shavu, hata hiyo sifa ya Kolo naiona nimeitoa haraka. Wangeweza kuandika kwenye boksi kwa maandishi makubwa: haina shata. Mtu mzima angesoma akaamua. Udogo nilioulipia ulikuwa na bei nyingine ambayo haikuwa kwenye risiti.

Nimefikiria kuiuza. Nimeshindwa, kwa sababu mnunuzi akiniuliza ukumbini usiku inakuwaje, nitamwambia kweli, na akisikia kweli hatanipa hata nusu ya pesa yangu. Jumamosi hii nina sendofu Kisasa. Kwenye begi ninayo ile ya kioo, flashi yake na betri nne. Ndogo nayo nimeiweka, ya saluni na ya sala ya kufungulia. Bega limeanza kuuma kabla sijaondoka nyumbani.

Na hii ndiyo iliyonirudishia hasira yote. Jana jioni simu imelia, ujumbe kutoka kwa kijana wa duka, anawatumia wateja wake wote nadhani, maana ameanza na "habari za leo mteja wetu". Picha ya boksi, bei, na chini yake ameandika: "Mzigo mpya umeingia, ndogo vilevile, ila hii ina shata, ukumbini hakuna mistari."

Kumbe alikuwa anajua.