Tripodi ya safari ya bei nafuu: uzoefu wangu, kuanzia mguu mwembamba hadi chumvi ya bahari

Tripodi (stendi ya kamera ya miguu mitatu) ninayotumia kwa picha za safari ni ya aluminiamu. Miguu yake ina vipande vinne na hukunjwa kwa kupinduliwa juu mpaka ikizunguke kichwa, na kichwa chenyewe, yaani sehemu ya juu inayoshika kamera, ni cha gololi: kamera hugeuka juu ya mpira mmoja unaokazwa kwa kitasa. Ikikunjwa ina sentimita 40, uzito wake pamoja na kichwa ni kilo 1.4, na ikisimama bila kuinua nguzo ya kati inafika sentimita 122. Jina lililochapwa mguuni naliacha kwa sababu halitakusaidia dukani. Stendi nyingi za aina hii hutengenezwa Zhongshan, kusini mwa China, na muundo uleule hubandikwa nembo hii leo na nyingine kesho. Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, unaweza kuikuta stendi moja ina majina matatu na bei tatu. Nenda na rula, na uende na kamera yako.

Bajeti ninayoizungumzia ni shilingi 200,000 za Tanzania, na kamera ni ndogo: kitu kama Canon EOS 250D, gramu 449 ikiwa na betri, pamoja na lenzi yake ya milimita 18-55. Mwenye lenzi kubwa ya 70-200 ya f/2.8, ambayo peke yake ina kama kilo moja na nusu, atafute stendi ya daraja jingine. Hapa atapoteza fedha.

Wanunuzi wengi huuliza kwanza urefu: "Inafika wapi?" Mimi naanza chini, kwenye kipande chembamba kuliko vyote, kwa sababu picha huharibikia hapo. Kwa kipenyo, miguu ya tripodi yangu inashuka kutoka milimita 25 hadi 22, 19, na kipande cha mwisho ni 16. Kuna zile ndogo zaidi za vipande vitano, zinazokunjika mpaka sentimita 32 hivi na kuingia kwenye mkoba wa kawaida. Hizo nyingi huanza na milimita 22 na kumalizia na 10. Sasa bomba likipungua kipenyo kwa nusu huku unene wa ukuta ukibaki uleule, ukinzani wake dhidi ya kupinda hubaki thumni, yaani moja ya nane. Kutoka 16 kushuka hadi 10 ni kupoteza karibu robo tatu ya ugumu. Kwa macho huioni tofauti hiyo. Kwenye picha ya sekunde 8 utaiona. Sentimita nane za kukunjika zaidi hazistahili bei hiyo, isipokuwa kwa mtu anayepanda mlima na kuhesabu kila gramu.

Maandishi ya "inabeba kilo 10" au 15 yasikutishe wala yasikufurahishe. Watengenezaji hawafuati kipimo kimoja. Kila mmoja anapima anavyojua. Stendi inaweza kushikilia kilo 10 bila kuanguka na bado ikatetemeka na kamera ya nusu kilo.

Dukani, fungua miguu yote mpaka mwisho, nguzo ya kati ukiiacha chini kabisa. Weka kiganja juu ya kichwa na ukandamize kwa uzito kama wa mfuko wa unga wa kilo 5. Miguu ikipinda kidogo ni sawa. Kipande kikiteleza na kuingia ndani, kufuli zake (vifungo vinavyobana vipande) ni mbovu au hazikukazwa, kaza kwa mkono tu kisha rudia. Shika kichwa na ukizungushe kushoto na kulia kama unayefungua chupa. Ukihisi mchezo, yaani kulegea, pale miguu inapoungana na kitovu, angalia bolti za bawaba. Kama zina tundu la aleni (ufunguo wa pembe sita), mchezo huo unatibika kwa robo mzunguko. Kama ni ripiti zilizopigwa nyundo, iache stendi palepale kaunta.

Kisha funga kamera, vuta lenzi mpaka 55, washa picha ya moja kwa moja kwenye skrini na uikuze mara 10 juu ya maandishi yaliyo mbali, kibao cha duka la ng'ambo ya barabara kinatosha. Gonga mguu mmoja kwa kidole na uhesabu. Maandishi yakitulia ndani ya sekunde mbili, stendi inafaa. Yakiendelea kucheza hadi nne au tano, utahangaika nayo kila usiku. Kipimo hiki hakihitaji utaalamu, na muuzaji akikataa kukuruhusu kukifanya, amekwisha kukujibu.

Kichwa ndicho sehemu ambayo bei nafuu hujionyesha zaidi. Kwanza hakikisha kinafunguka kutoka kwenye miguu. Skrubu inayokishikilia huwa ya inchi 3/8, kipimo cha karibu dunia nzima, kwa hiyo kichwa kikichoka unanunua kingine na miguu inabaki. Kile kilichogandishwa moja kwa moja kitazikwa pamoja na stendi yake. Pili, bamba la kufungia kamera liwe la mfumo wa Arca-Swiss, unaotumiwa na watengenezaji wengi, upana wa milimita 38 hivi. Stendi za bei ya chini kabisa, zile za plastiki za simu, huja na bamba la umbo lake peke yake. Likipotea hupati jingine.

Tatu, gololi. Laza kamera digrii 45 mbele, kaza kitasa kikubwa, halafu angalia skrini unapoachia mkono. Vichwa vya bei hii karibu vyote hushuka kidogo baada ya kukazwa. Changu hushuka kiasi kidogo sana kwa lenzi ya 18-55, na zoezi lake ni kulenga juu kidogo ya unapotaka, kukaza, kisha kuachia. Kikishuka mpaka upeo wa macho unahama, gololi ni ndogo au ina mafuta ya kiwandani. Mafuta yanafutika kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Udogo wa gololi hauna dawa.

Kuna kero ambayo watu huilaumia kichwa kumbe kosa ni la bamba. Ukisimamisha kamera wima kwa kuilaza kwenye mwanya wa pembeni mwa kichwa, uzito wa lenzi unaizungusha kamera polepole juu ya skrubu yake. Kichwa hakijasogea hata chembe. Ni skrubu moja ya inchi robo inayoshindana na uzito ulio mbali nayo. Kaza kwa sarafu, si kwa kucha, na hakikisha mpira ulio juu ya bamba ni mkavu. Tena mwanya huo uuelekeze upande wenye mguu, la sivyo tripodi nzima inaweza kupinduka na kamera ikatangulia chini.

Skrubu hiyo ya inchi robo usiibadilishe kwa bolti ya M6 ya duka la vifaa vya ujenzi, hata fundi akikuapia kwamba ni ileile. Ya kamera ina kipenyo cha milimita 6.35 na nyuzi 20 kwa inchi. M6 ina milimita 6 na nyuzi zake zimekaribiana zaidi. Itaingia ikilegea, utaikaza kwa nguvu, na itakayokatika ni nyuzi za tundu la kamera.

Nguzo ya kati naihesabu kama sehemu ya kukunjia. Lazima uivute juu ili miguu ipate nafasi ya kupinduka, lakini wakati wa kupiga irudishe chini. Ukiinua sentimita 25 umeweka fimbo moja nyembamba juu ya miguu mitatu, na itausikia kila upepo. Sentimita 122 zinatosha kwa karibu kila picha ya mandhari. Anayeinama kidogo ndiye anayerudi na picha kali. Ndoano iliyo chini ya nguzo itumie, ila mzigo usining'inie hewani. Mfuko wenye chupa mbili za maji za lita 1.5 ufunge kwa kamba ndefu mpaka uguse ardhi. Ukining'inia bure, upepo wa kusi wa Juni hadi Septemba utaufanya pendulo na utaitikisa kamera kuliko kama usingeweka kitu. Mkanda wa shingoni nao uvue au uuzungushie kwenye mguu wa stendi. Kwenye upepo unapepea kama bendera.

Kamera ikishafungwa, zima kizuia mtikisiko cha lenzi, hasa kwa lenzi za zamani ambazo hazitambui kwamba zimesimama juu ya stendi. Hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuutengeneza. Tumia taima ya sekunde 2 kwa lenzi fupi, 10 kwa ndefu. Kamera yenye kioo cha ndani kinachoinuka kila unapopiga ina eneo la hatari kati ya 1/4 na 1/30 ya sekunde, ambapo kishindo cha kioo kinachukua sehemu kubwa ya muda wa picha. Piga kupitia skrini, kioo kikiwa kimeinuka tayari. Picha ya sekunde 30 haijali kishindo hicho. Ukiweka kichujio cha ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) cha hatua 10, kila hatua ikipunguza mwanga kwa nusu, picha ya 1/30 inakuwa ya sekunde 34, na hapo adui ni upepo na mchanga peke yake.

Pwani ndipo penye maneno. Kanuni ya kawaida inasema fungua vipande vinene kwanza na kile chembamba kibaki ndani. Kwenye mchanga na maji mimi naigeuza: kipande cha mwisho nakivuta chote, ili kufuli yake ikae juu ya maji. Kufuli ikizama inanyonya mchanga, na mchanga ukiingia kwenye nyuzi utausikia ukisaga kila ukizungusha. Unapoteza ugumu kidogo, unaokoa stendi. Miguu ichimbie sentimita 5 mpaka 10 kwa kuikandamiza mmoja baada ya mwingine, subiri mawimbi mawili matatu yapite, kandamiza tena, ndipo ulenge. Wimbi linaporudi huchota mchanga chini ya mguu, na stendi hushuka taratibu katikati ya picha. Mtu hulaumu kichwa bure. Siku za bamvua (maji makubwa), kwenye fukwe tambarare kama Paje na Jambiani za Unguja, maji hujaa haraka. Usiiache stendi ukaenda kutafuta pembe nyingine kwa simu.

Ukirudi, usifunge miguu ikiwa na maji ya chumvi. Ivute yote, imwagie maji baridi yasiyo na chumvi. Kila baada ya siku chache za pwani, fungua kufuli za kuzungusha kabisa na uchomoe vipande, mguu mmoja kwanza mpaka umalize, usichanganye. Ndani utakuta vipande viwili vya plastiki vilivyopinda, vyenye chunusi ndogo zinazoingia kwenye matundu ya bomba. Hivyo ndivyo hupotea, kwa hiyo fanyia kazi juu ya taulo. Sugua nyuzi kwa mswaki wa zamani, kausha kivulini. Grisi iwe kidogo sana, kwenye nyuzi tu. Ikigusa bomba au plastiki ya kubana, mguu utateleza na utadhani kufuli imekufa. Ukiona unga mweupe kwenye aluminiamu, chumvi imekwisha kuanza kula. Futa, suuza, na usafishe mara nyingi zaidi.

Kufuli za klipu, zile za kubofya, zina sifa moja ambayo za kuzungusha hazina: unaona kwa jicho kama zimefungwa. Lakini hunasa kwenye nguo za begi na huhitaji kukazwa kwa spana kila zinapolegea. Kwa safari nachagua za kuzungusha. Mguu ukiwa umekunjwa, kiganja kimoja kinafungua zote tatu kwa robo mzunguko.

Kwa ndege, sentimita 40 huingia kwenye begi la mkononi la sentimita 55, ila mashirika mengi hupima kilo 7 na kilo 1.4 ni sehemu kubwa ya hizo. Miiba ya chuma ya miguuni itoe uiweke kwenye mzigo mkubwa, na ujue kwamba afisa wa ukaguzi ndiye mwenye neno la mwisho. Kwa basi na gari za barabara ya vumbi, kagua bolti za bawaba kila jioni; mtikisiko wa saa sita huzilegeza bila kelele.

Serengeti au Maasai Mara usiibebe kwa ajili ya wanyama. Ndani ya gari hakuna pa kuitanua, na abiria mwenzako akijikuna tu picha imeondoka. Mfuko wa kitambaa wenye kilo mbili za mchele juu ya ukingo wa dirisha unashinda tripodi yoyote. Stendi ibaki ya kambini usiku, kwa nyota: lenzi ya milimita 16 kwenye kamera ya kihisi kidogo, kama hiyo 250D, inakupa kama sekunde 20 kabla nyota hazijaanza kuchora mistari.

Mguu unaofunguka kuwa fimbo moja ya kusimamishia kamera, ambao wauzaji hupenda kuuonyesha, sijaona faida yake. Ni kiungo kingine cha kulegea. Heri fedha hiyo uinunulie bamba la pili la milimita 38 na aleni mbili, ya milimita 4 na ya 5, uzitie kwenye mfuko wa stendi na usizitoe.