Jioni ya magwiji wa Cranes: nyota mbili ndani ya ukumbi, tano nje ya geti

Nianze na pesa, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa tangu nirudi. Tiketi mbili za kawaida, shilingi 40,000 kila moja, nililipa kwa simu wiki moja kabla. Picha na mchezaji ni 20,000 juu yake, na hilo huambiwi unaponunua tiketi. Unaambiwa ukiwa umeshasimama kwenye foleni na nyuma yako kuna watu wanakusukuma. Soda mbili kwa bei ya soda sita za dukani. Nauli ya taksi, yaani basi dogo la abiria, kutoka Bombo hadi Kampala na kurudi, mimi na baba. Hiyo ndiyo gharama ya kumpeleka mzee wa miaka 73 kukutana na wachezaji wa zamani wa Cranes, timu ya taifa ya mpira ya Uganda, mwezi uliopita, katika ukumbi wa hoteli moja hapa mjini. Waandalizi siwataji. Wachezaji waliokaa meza kuu nao siwataji, kwa sababu kero zangu hazikutoka kwao. Walikalishwa tu, kama sisi tulivyosimamishwa.

Baba hakuomba apelekwe. Mimi ndiye niliyeona tangazo nikafikiri nimepata zawadi ya kumpa. Ujana wake wote alipika katika jiko la kambi ya jeshi ya Bombo, na Kiswahili cha nyumbani kwetu ni kile cha kambini, cha amri na matani, kwa hiyo hata habari za mpira tulizipokea kwa lugha hiyo. Na habari ya mpira kwa baba ni moja: Kombe la Mataifa ya Afrika, Ghana, Machi 1978. Wenzangu walilala wakisimuliwa sungura na fisi. Mimi nilisimuliwa kundi la Kumasi: Congo tukaifunga 3-1, Tunisia ikatufunga 3-1, Morocco tukaipiga 3-0. Tarehe 14, nusu fainali, Nigeria ikalala 2-1. Tarehe 16 tukawa Accra mbele ya wenyeji. Opoku Afriyie akatufunga moja, akarudi akatufunga la pili, na kombe likabaki Ghana moja kwa moja kwa kuwa ilikuwa mara yao ya tatu kulitwaa.

Fainali ile baba aliisikiliza kwenye redio ya sajini mmoja, imetundikwa kwenye msumari wa mlango wa jiko. Maharage yakaungua. Anasema jioni hiyo askari walikula maharage yenye harufu ya moshi na hakuna aliyenung'unika, kitu ambacho hakikuwahi kutokea kabla wala baada. Mwaka mmoja na mwezi baadaye, Aprili 1979, serikali ya Amin ikaanguka, naye akavuka kwenda Sudan akiwa na sufuria moja begani. Cranes nayo haikuonekana tena kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika mpaka 2017. Miaka 39! Na mechi ya kwanza tukapangiwa nani? Ghana. Bao moja, la penalti. Baba alizima televisheni, akasema, "Hawa watu wana deni letu," akaenda kulala.

Sasa, kwa miaka yote hiyo mzee ana swali lake. Nusu fainali Kumasi tarehe 14, fainali Accra tarehe 16: mlisafiri vipi, mkafika saa ngapi, mkalala saa ngapi? Yeye anaamini kombe lile lilipotelea barabarani, si uwanjani. Akiwa mpishi, anataka pia kujua walikula nini njiani. Nilinunua tiketi ili akaulize hayo, basi.

Tangazo lilisema saa kumi. Saa kumi na moja na nusu bado tulikuwa tunasikiliza mtu akisema "moja, mbili, moja, mbili" kwenye kipaza sauti. Viti vya mbele vilifungiwa kamba kwa ajili ya wenye tiketi kubwa, na vingi vilibaki vitupu mpaka mwisho, lakini mzee mwenye fimbo hakuruhusiwa kukalia hata kimoja. Kwenye skrini kubwa walikuwa wanaonyesha mabao ya ligi ya Uingereza. Nakubali kwamba picha za mechi zetu za zamani ni adimu, lakini mtu angeweza basi kuweka hata picha mgando ya Phillip Omondi, mshambuliaji wetu, ambaye mwaka ule wa 1978 alimaliza mashindano akiwa na mabao matatu, sawa na Opoku Afriyie na Segun Odegbami wa Nigeria. Uwanja wa Lugogo una jina lake. Ndani ya ukumbi ule hakutajwa.

Mshereheshaji alikuwa hodari wa kupiga kelele na si zaidi. Muda wa maswali ulipofika akatangaza matatu tu. La kwanza likaenda kwa mtu wa kampuni iliyotoa vinywaji. La pili likaenda kwa kijana aliyetaka kujua lini Cranes itachukua kombe, swali ambalo hata malaika hawajibu. La tatu sikulisikia. Baba alikuwa ameinua mkono tangu mwanzo, wa kulia ukichoka anaweka wa kushoto, mpaka muziki ukawashwa.

Nitende haki: wachezaji wenyewe walikuwa watu. Kipa mmoja wa hii timu ya miaka ya karibuni, aliyekuwa Misri mwaka 2019 tulipofika hatua ya 16 bora na kutolewa na Senegal, alipomwona baba amekaribia alisimama, akavua kofia, akamsalimia kwa mikono miwili. Angekaa naye, nilimwona usoni. Lakini kulikuwa na dada mwenye saa mkononi, kazi yake kusema "anayefuata". Picha yetu ilichukua sekunde tano. Baba amefumba macho, kipa anamtazama mtu wa nyuma yetu. Mama ameitundika sebuleni hivyo hivyo, anasema tunafanana na watu wanaosubiri taksi za njia tofauti.

Pilau liliisha kabla ya safu yetu. Tuliache hilo.

Mwisho wa ukumbi, karibu na mlango wa choo, kulikuwa na meza ya saba. Mzee mmoja mrefu, koti la kaki, kadi ya utepe shingoni, ameketi peke yake na chupa ya maji. Hakuna foleni. Mbele yake hakuna kibao cha jina. Nilipita pale mara mbili nikidhani ni dereva wa mtu, na mara ya pili nilimwuliza kama kiti cha pembeni kina mwenyewe. Akaniambia, "Chukua, kijana wangu," nikakichukua kumpelekea baba. Hilo silisahau.

Tulitoka saa mbili usiku. Nilikuwa nimekasirika, baba amenyamaza. Ng'ambo ya barabara kuna kijana anakaanga rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai, nikasema angalau tule kitu. Mzee wa koti la kaki alikuwa amesimama upande wetu wa geti anatazama magari. Akaanza kuvuka. Baba akaiangalia ile miguu, maana ni ya matege kabisa, mbuzi anapita katikati bila kuinama, akaita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nilipokuwa mtoto:

"Kufuli!"

Yule mzee aligeuka kabla hajajua anageukia nani. Akasimama katikati ya barabara, bodaboda zinampitia kushoto na kulia, anatafuta mdomo uliomwita.

Alikuwa beki wa kushoto wa timu moja ya majeshi, mwishoni mwa miaka ya sabini. Kufuli lilikuwa jina la jukwaani, la askari, na alisema tangu mkewe afariki hakuna aliyemwita hivyo. Baba akasimama wima kama yuko gwaride: "Jambo, afande." Mzee akacheka: "Afande gani, ndugu yangu, mimi nilikuwa koplo." Wakashikana mikono, wakasahau kuiachia. Nikaagiza rolex tatu, mayai mawili mawili, na viti vya plastiki tukapewa bure.

Tulikaa pale zaidi ya saa mbili. Baba alimwuliza lile swali lake la Kumasi. Mzee akamjibu bila kujitia makuu: "Mimi sikuchaguliwa. Waulize waliokwenda." Wengi wa kuulizwa hawapo tena. Omondi alifariki 1999, na nahodha wao, Jimmy Kirunda, alifariki 2020. Wakamzungumza Kirunda kwa muda, beki ambaye msimu wa 1978 alifunga mabao 32 ya ligi. Kufuli akasema yeye beki mwenzake hajafunga hata moja maishani, ila la kujifunga analo, na alilifunga vizuri sana, kwa kichwa.

Kisha likaja la Omondi. Nimesoma mambo mengi juu yake, lakini kumsikia mtu aliyepewa kazi ya kumkaba pale uwanja wa Nakivubo ni kitu kingine. Mzee alisogeza chupa ya maji hapa, kijiko pale, akaweka ganda la yai liwe mpira. Akaonyesha alivyoagizwa na kocha asimwache, na jinsi ilivyokuwa: Omondi hakushindana nawe mbio, alikungoja ukimbie wewe, halafu akapita pale ulipotoka. "Nilimkaba vizuri dakika 70," akasema. "Shida mechi ni dakika 90." Kijana wa rolex aliacha chapati ikaungua. Baba akacheka sana, nikajua kwa nini.

Wapita njia wawili wenye jezi za klabu ya Villa walijiunga, wakitoka kule kule ukumbini. Hao walikuwa wanajigamba na fainali ya klabu bingwa Afrika ya 1991 dhidi ya Club Africain ya Tunisia kana kwamba Uganda ilianzia hapo. Kufuli akawauliza matokeo. Wakataja ile 1-1 ya Kampala, wakaisahau 6-2 ya Tunis. Akawaambia Simba, klabu ya jeshi letu, ilicheza fainali ya mabingwa wa Afrika mwaka 1972 na Hafia ya Guinea, ikafungwa 4-2 kule na 3-2 hapa, na hilo mtoto wa kambi alilijua kabla ya kujua kuhesabu mshahara. Vijana wakakaa chini. Mmoja aliagiza rolex ya pili ili aendelee kusikiliza, na alipoondoka aliomba picha. Mzee akavua kwanza ile kadi ya shingoni, akaiweka mfukoni. Picha ilipigwa mara nne mpaka wote wakafumbua macho, na hakuna aliyedaiwa shilingi.

Nilimwuliza kwa nini alikuwa amesimama getini muda wote ule. Aliahidiwa nauli. Mtu wa nauli alisema anarudi, na hakurudi. Sikusema kitu, lakini hiyo ndiyo nyota niliyoing'oa kabisa kwenye hesabu yangu. Anaishi Kawempe, njia moja na yetu, tukapanda taksi pamoja.

Kwa anayefikiria kwenda shughuli kama hii, maana nasikia wanaandaa nyingine: uliza kabla kama picha imo ndani ya tiketi. Kula nyumbani. Usinunue tiketi kubwa. Kamba ile inakutenganisha na watu uliokuja kuwaona. Kama una picha ya zamani, kijitabu cha mechi, hata kipande cha gazeti, kibebe, kwa sababu nimeona mchezaji akikabidhiwa kitu cha wakati wake anasahau kwamba kuna dada mwenye saa. Na tafuta meza isiyo na foleni. Waandalizi nao, wakisoma hapa, waweke kibao cha jina kwenye kila meza na walipe nauli za watu. Havigharimu kuliko ile skrini.

Ndani ya taksi wazee walianza kubishana. Mechi fulani ya Nakivubo, mvua kubwa, uwanja umejaa maji, baba akiwa jukwaani na sufuria za chakula cha wachezaji. Baba anasema jeshi lilifungwa 2-1. Kufuli anasema 3-1, na la tatu lilipita katikati ya miguu yake mwenyewe, atakosaje kulijua? Tulipofika Kawempe konda aligonga bati mara tatu na mzee hakushuka, mpaka abiria wa nyuma wakaomba kwa heshima kwamba mabao yabaki mawili ili watu wafike makwao.

Sasa wanapigiana simu kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Wiki iliyopita baba aliniita nimtafutie matokeo ya mechi hiyo kwenye intaneti. Nimetafuta, sijaona kitu. Nilipomwambia, alionekana kufurahi, akaichukua simu kumwarifu mwenzake kwamba bado ni 2-1.