Ukoka wa malisho na hei kwa sehemu za baridi: upi ununue, upi uuache

Ukoka ni jani la nchi za joto, na shida ya mnunuzi inaanzia hapo. Ukiwa mahali ambapo ardhi hukaa imeganda kwa majuma, picha ya shamba la kijani iliyochapwa kwenye mfuko haikuambii kitu. Jibu utalipata mwaka wa pili, baridi inapoisha: shamba linachipua lote, au limebaki na viraka vya mabua yaliyopauka? Kinachoamua ni vishina vilivyofukiwa udongoni. Aina yenye vishina vingi na vinene huchipua hata majani yote yakiunguzwa na jalidi. Aina inayotegemea vitawi vya kutambaa juu ya ardhi, jalidi ikiipiga vizuri usiku mmoja, haina pa kuanzia tena. Kwa hiyo nimepanga kwa uvumilivu kwanza, wingi wa hei (majani yaliyokaushwa ya kulisha mifugo) baadaye.

Nafasi ya kwanza nazipa aina mbili, Midland 99 na Ozark. Midland 99 ilitolewa Marekani mwaka 1999 kuchukua nafasi ya Midland ya zamani, ile ya 1953 iliyopatikana kwa kuchanganya Coastal, aina nyingine ya ukoka, na ukoka sugu kutoka Indiana. Ozark nayo ina damu ya Coastal upande mmoja, na upande wa pili ukoka uliotoka Yugoslavia, uliozoea baridi. Zote mbili hutoa hei nyingi na huamka baada ya baridi kali. Ukiniuliza nichague moja, nitakuuliza ni kitalu gani kilicho karibu nawe, kwa sababu pingili (vipande vya vishina vya kupandia) mbichi za Ozark ni bora kuliko pingili za Midland 99 zilizoshinda siku tatu kwenye lori, na kinyume chake pia.

Ndiyo, pingili. Aina hizi mbili hazipandwi kwa mbegu, kwani hazitoi mbegu ya kutegemewa. Mtu akikuuzia “mbegu ya Midland 99”, mfukoni mna kitu kingine.

Nafasi ya pili ni Wrangler, na hii ni ya mbegu. Haifikii zile mbili kwa hei, lakini kwa baridi haina aibu. Kama shamba lako ni dogo, liko kwenye mteremko, au huna mashine ya kupanda pingili wala mtu wa kukukodishia, acha kujitesa, nunua Wrangler. Guymon, iliyotolewa Oklahoma mwaka 1982, pia ni ya mbegu na ni sugu kweli kweli, ila mavuno yake ni ya wastani. Ikiwa mifugo italisha humo humo na hufungi marobota mengi, inatosha.

Tifton 44 naiweka ya tatu, na najua wapo watakaobisha. Ilitolewa Georgia mwaka 1978, na mzazi wake mmoja ni ukoka uliookotwa Berlin, Ujerumani, ambako ulikuwa ukistahimili baridi bila kutunzwa na mtu. Mabua yake ni membamba, kwa hiyo hei hukauka upesi na mifugo huila vizuri. Tatizo ni uvivu wa kushika ardhi: huchukua muda kufunika shamba, na magugu hayana subira. Mwenye haraka ataikatia tamaa kabla haijaanza kazi.

Za kuacha, kama kwenu kunaganda: Coastal, Tifton 85 na ukoka mrefu unaouzwa kwa jina la Giant. Tifton 85 inauma kuikosa, maana inameng'enyeka tumboni kuliko karibu ukoka wote, lakini ni jani la sehemu zenye baridi nyepesi. Giant ndiyo inayodanganya wengi. Huwekwa kwenye mifuko ya mbegu mchanganyiko kwa sababu huota haraka, na mwaka wa kwanza shamba hupendeza hadi unaita majirani. Baridi ikipita, sehemu kubwa ya ulichosifiwa haipo. Soma lebo, uone mchanganyiko una nini na kwa asilimia ngapi.

Ukishaishika hiyo lebo, usiishie kwenye uzito. Mbegu ya ukoka ni ndogo mno, kilo moja ina punje karibu milioni 4, ndiyo maana nyingi huvikwa ganda la unga ili zipandike kwa urahisi. Ganda hilo linaweza kuwa nusu ya uzito. Chukua mfuko wa kilo 10: mbegu safi asilimia 50, uotaji asilimia 85. Zidisha, unapata kilo 4.25 za mbegu hai, basi. Ekari moja inataka kama kilo 2.5 hadi 4.5 za mbegu hai, kwa hiyo mfuko uliodhani utatosha ekari tatu huenda ukaisha kwenye moja. Linganisha bei kwa kilo ya mbegu hai. Na isifukiwe zaidi ya nusu sentimita hivi, wala isipandwe kabla udongo haujafika nyuzi 18.

Kwa pingili, kagua kwa mkono. Ingiza mkono katikati ya lundo: likiwa na joto kama mbolea inayooza, rudisha. Vunja kishina kimoja. Kizima ni kigumu, cheupe ndani, kina unyevu. Kilichonyauka hupindika kama uzi. Dai cheti cha aina, kwa sababu ukoka wa kawaida ukiingia na pingili hautoki tena. Kadiria busheli 30 kwa ekari, busheli moja ikiwa kama lita 35, zipandwe siku hiyo hiyo au kesho yake, kina cha sentimita 5, kisha udongo ushindiliwe.

Hata ununue ipi, bajeti iache nafasi ya potasiamu. Kila tani ya hei huondoka na kilo 20 na zaidi za potashi (potasiamu kama inavyopimwa kwenye mbolea), na ukoka wenye njaa ya potasiamu hufa baridi ambayo jirani yake huivuka. Naitrojeni usiiweke mwishoni mwa msimu, kwani inaamsha majani laini wakati jani linatakiwa lilale. Mkato wa mwisho uwe wiki 4 hadi 6 kabla ya jalidi ya kwanza, na uache mabua ya sentimita 8 au 10 yasimame shambani.