Juzuu ya Kwanza ya Frieren, na Muuzaji Aliyetaka Kunifundisha Kusoma

Nimesoma katuni tangu enzi za Lodi Lofa na Ndumilakuwili katika jarida la Sani, na manga, yaani katuni za Kijapani, nimezizoea kwa miaka mingi, kwa hiyo sikutarajia kwamba katika umri huu kijana wa dukani angeniambia, mbele ya wateja wengine, kuwa sijui kitabu kinaanzia wapi. Yamenikuta hayo hapa Tanga, katika duka moja la Ngamiani ambalo sitalitaja, na yamenikera kiasi kwamba tathmini niliyokusudia iwe ya kitabu imekuwa zaidi ya muuzaji.

Nilinunua juzuu mbili za mwanzo za Frieren, hadithi iliyotungwa na Kanehito Yamada na kuchorwa na Tsukasa Abe, ambayo ilianza kuchapishwa Japani mwaka 2020. Kisa chake kinaanzia pale ambapo visa vya namna hii huishia: Mfalme wa Mashetani amekwisha kuuawa, safari ya miaka 10 imekamilika, na mashujaa wanne wanarejea kupokewa kwa shangwe. Frieren, mchawi wa jamii ya viumbe waishio karne nyingi, anawaaga wenzake kana kwamba wataonana wiki ijayo, kisha anarudi baada ya miaka 50 na kumkuta Himmel, kiongozi wao, amekuwa kizee mwenye kipara. Himmel anafariki muda si mrefu, na Frieren analia mazikoni kwa kuwa alikaa na mtu huyo miaka yote ile bila kujishughulisha kumjua. Yamada habembelezi msomaji, naye Abe anaipitisha nusu karne katika visanduku vichache tu, bila mbwembwe. Nilipofika hapo nilikuwa tayari kulisamehe duka lile bei yake na karatasi yake nyembamba inayoonyesha wino wa upande wa pili.

Kisha ukurasa wa 96 ukafuatwa na wa 81. Mazungumzo ya Frieren na mwanafunzi wake Fern yakakatika katikati, nikarudishwa nyuma nisome upya yale niliyotoka kuyasoma, na yalipokwisha kwa mara ya pili nikajikuta ukurasa wa 113. Ajuaye namna vitabu vinavyofungwa ataelewa mara moja: karatasi kubwa hukunjwa ikawa kurasa 16, mikunjo hiyo ikapangwa na kugandishwa mgongoni, na hapa mkunjo mmoja uliwekwa mara mbili huku unaofuata ukiachwa. Sitaki kumsingizia mchapishaji halali, kwa sababu nakala yangu haikuwa na jina la mchapishaji popote, jambo ambalo lilitosha kunitia shaka.

Nilikirudisha. Shikamoo alinipa, tena kwa adabu, sikatai. Lakini baada ya hapo, bila hata kukigusa kitabu, akasema: “Mzee wangu, vitabu vya Wajapani vinasomwa kinyumenyume. Anzia nyuma, utaelewa.” Mteja mmoja akacheka. Nikamwonyesha namba za kurasa, nikamweleza kwamba mwelekeo wa kusoma hauwezi kufanya ukurasa wa 81 utokee mara mbili, naye akajibu kwamba wenzangu wamenunua na hakuna aliyelalamika, na kwamba kitabu kilichokwisha kusomwa hakirudishwi.

Kinachonichoma ni kwamba alijificha nyuma ya jambo la kweli. Manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Ndiyo sababu manga ya Akira ya Katsuhiro Otomo, ilipoanza kutolewa Marekani mwaka 1988, michoro yake iligeuzwa kama inavyoonekana katika kioo ili isomwe kutoka kushoto, na watu wanaotumia mkono wa kulia wakawa mashoto. Hayo niliyajua kijana yule akiwa bado hajazaliwa. Angesema tu kwamba mzigo umekuja na kasoro na hana uwezo wa kunirudishia fedha, ningeondoka nimenuna kidogo na yakaishia hapo.

Nilikuwa nimeamua kuwaonya wote wasikanyage duka lile. Hata hivyo, nilipofika nyumbani nilifungua juzuu ya pili kwa hasira, nikitafuta kasoro nyingine ya kuongeza katika mashtaka, na sikuipata: kurasa zote zipo, wino umekolea, na Stark, mpiganaji mwoga ambaye kijiji kizima kinamwona shujaa, alinichekesha kwa sauti nikiwa peke yangu. Ni kazi nzuri mno. Kwa hiyo hukumu yangu imekaa vibaya: hadithi inastahili sifa zote, duka halistahili hata moja, na bado sijaona mahali pengine hapa mjini panapoiuza. Ya tatu nitainunua palepale, lakini nitaihesabu ukurasa kwa ukurasa mezani pake kabla ya kutoa fedha, hata foleni ifike nje, na akinena tena habari za kinyumenyume nitaiacha hapohapo.