Randa nimeipenda, duka silitaki

Nianze na hasira, maana bado ninayo. Duka moja la vifaa pale Gerezani liliniuzia randa ya chuma, kifaa cha mkono cha kunyooshea na kulainishia mbao, ambayo uso wake wa chini umebonyea, na nilipoirudisha muuzaji akanijibu mbele ya wateja: "Dada, randa haina shida. Shida ni mkono." Hata kuishika hakuishika.

Guni, kile kipimo cha seremala cha pembe mraba chenye ukingo ulionyooka, nilikuwa nalo. Nikamwomba aliweke tu chini ya randa, aone mwanga unavyopenya katikati. Akanigeuzia mgongo, akamhudumia kaka mmoja aliyefuata bawaba, na kaka huyo ndiye muuzaji akamwita "bosi".

Mniache nieleze kwa nini linaniuma. Naishi chumba na sebule, Tabata, na karakana yangu ni kibaraza cha nyuma. Wapangaji wakianika nguo, mimi sifanyi kazi. Msumeno wa meza hauenei pale, na hata ungeenea, mama mwenye nyumba asingevumilia kelele wala unga wa mbao kwenye mashuka ya watu. Kwa hiyo kwangu kila kitu ni mkono: msumeno, patasi, kinoo, jiliwa ndogo ya kubania mbao, randa. Mbao nene za paini nazipeleka Keko kwa wenye mashine, wanazipasua na kuzipunguza unene, nalipa, narudi nazo kwenye bajaji. Kunyoosha ukingo ili mbao mbili zikigundishwa zisiache mwanya, hiyo sasa ni kazi ya randa, na sina kingine cha kuifanya. Nina meza hapa ndani ambayo kwenye kiungo cha katikati unapitisha ukucha. Kila nikiipangusa namkumbuka yule muuzaji.

Kwa hilo nyota moja ingetosha. Lakini niseme yote. Mzee mmoja fundi wa Keko aliniambia nitafute kioo kinene, nibandike msasa namba 80 juu yake, nichorechore uso wa randa kwa penseli, kisha niisugue juu ya msasa huo mpaka michoro ifutike yote. Kisu cha randa kisitolewe, kikazwe mahali pake, ila kirudishwe ndani. Nikasugua jioni baada ya jioni. Michoro ikafutika mbele na nyuma, katikati ikabaki vilevile. Yaani nilichomwambia muuzaji ndicho hichohicho! Nikaendelea hadi ikaisha, nikamalizia na msasa laini, nikanoa kisu mpaka kikawa kinanyoa malaika ya mkono.

Jamani! Maranda yalitoka membamba, marefu, yanajikunja yenyewe, na ubao ukabaki unateleza bila kuguswa na msasa. Mtoto wa jirani amelala dirisha la pili na hakushtuka. Kwa mtu mwenye nafasi finyu kama mimi, sijui kifaa kingine chenye raha namna hii. Nyota tano.

Hapana, nne. Nimelipa bei kamili, kwa nini nijitengenezee? Randa nyingi za bei nafuu huhitaji kusawazishwa kabla ya kutumika, hilo nalikubali, na angenieleza hivyo tungeachana vizuri. Yeye akautukana mkono wangu. Basi randa nyota nne, duka halipati hata nusu. Mkienda Gerezani bebeni guni, mpime palepale kaunta kabla hela haijatoka mfukoni. Wakiwakataza kupima, ondokeni, maduka yapo mengi.