Simu Mpya ya Daraja la Kati au Simu ya Daraja la Juu Iliyotumika: Ipi Inafaa kwa Michezo?

Anayetafuta simu ya kuchezea michezo hukutana na njia mbili za kutumia fedha zilezile: kununua simu mpya ya daraja la kati, au kununua ya daraja la juu iliyokwisha kutumika kwa miaka miwili au mitatu.

Kwa nguvu tupu, simu iliyotumika kwa kawaida hushinda, kwa kuwa kichakataji chake cha michoro kilibuniwa kwa kazi nzito zaidi. Hata hivyo, simu inapopata joto, kichakataji hujipunguzia kasi, na picha zilizokuwa zikiteleza huanza kukwamakwama, jambo linaloumiza hasa pale mpinzani anapokuwa mbele yako. Betri ndiyo ninayoipa uzito kuliko yote, kwani betri nyingi za lithiamu hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500 hivi. Kwa hiyo mnunuzi wa simu iliyotumika ahesabu mapema gharama ya kubadilisha betri.

Kioo hakizitofautishi sana, maana simu nyingi za kati sasa zina hezi 120, yaani picha mpya kila baada ya milisekunde 8 hivi.

Kuhusu masasisho ya programu za simu, Google iliahidi miaka 7 kwa Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung ikaahidi hivyo kwa Galaxy S24 mwaka 2024, zote zikiwa simu za daraja la juu. Mimi ningechagua simu ya aina hiyo iliyotumika, mradi betri yake ipimwe kabla ya kulipa.