Gita la nyuzi 12: kabla hujalipa, toa noti ya elfu moja kwenye pochi

Juzi binti mmoja wa kwaya yetu alinitumia picha WhatsApp, gita la nyuzi kumi na mbili, jeusi linang'aa mpaka unaona balbu ya duka ndani yake. Akaandika, "Dada nimepata, laki sita tu, nichukue?" Nikamwambia simama hapo hapo, nipigie picha ya daraja kwa ubavu. Akanijibu, "Daraja gani tena dada, mimi niko mjini."

Basi ndo maana naandika. Na kwa faida ya wote, daraja, au briji kama wapigaji wengi wanavyosema, ni kile kipande cha mbao kilichobandikwa juu ya uso wa gita, chini ya tundu, pale nyuzi zinapoishia. Hicho ndo nitakiongelea leo kuliko vingine vyote. Mambo ya sauti nzuri, rangi, ina pikapu (kile kinasa sauti cha kuunganisha gita na spika) haina pikapu, nendeni YouTube mko nao wengi wa kuwaambia, kila mtu anasifia sauti. Sauti ya nyuzi kumi na mbili ni tamu hata kwenye gita baya, hapo ndo tunapoliwa.

Mimi nililiwa laki tisa na nusu, shilingi za Uganda. Ni miaka kadhaa sasa lakini bado inauma. Niliingia duka moja la vyombo vya muziki hapa Kampala, jina sitaji, nikapiga kodi mbili tatu, yaani chords, G na C, ile sauti ya kama magita mawili yanaimba pamoja ikanimaliza. Nikauliza bei, nikasema mbona kubwa hivyo, muuzaji akaniambia bila hata kucheka, "Nnyabo (yaani mama), nyuzi ni mara mbili." Nikalipa. Mwezi wa kwanza raha tupu, kanisani watu wanageuka kuangalia. Mwezi wa tatu nikaanza kuona nyuzi zimepanda juu, kubana freti za katikati, vile vyuma vyembamba vya kwenye shingo, mpaka vidole vinapiga kelele. Nikafikiri ni mimi sina mazoezi. Mwezi wa nne, Jumamosi ya mazoezi ya kwaya, nikasikia kitu kimelia "tak" kidogo tu kama mtu kavunja njiti ya kiberiti, na gita lote likatoka kwenye tuni kwa mara moja.

Nikalipeleka kwa fundi mmoja Katwe, mzee wa Kikongo anayetengeneza magita na spika na chochote ukimletea. Sisi wa Busia, mpakani na Kenya, Kiswahili ndo chetu kwa hiyo tunaelewana vizuri, mimi namwita Papa, yeye ananiita Mama ingawa anaweza kunizaa mara mbili. Hakupiga hata uzi mmoja. Alichukua noti ya elfu moja mfukoni, akaipitisha nyuma ya daraja, ikaingia, yaani ikaingia kama barua chini ya mlango, akaisukuma mpaka karibu nusu sentimita. Akaniangalia. "Mama, hii walibandika juu ya verni." Maana yake kiwandani walipaka rangi uso wote kwanza, kisha wakabandika daraja juu ya rangi badala ya kukwangua mpaka mbao yenyewe. Gundi ikashika rangi, na rangi si mbao.

Sasa sikilizeni hesabu. Gita la kawaida la nyuzi sita, lenye nyuzi nyepesi na limetuniwa sawasawa, linavutwa kwa nguvu ya kama kilo 70 na kitu. La kumi na mbili linapita kilo 110. Mfuko wa simenti ni kilo 50. Kwa hiyo hicho kipande cha mbao kinavutwa na mifuko miwili ya simenti na zaidi, mchana na usiku, hata ukiwa umelala, hata gita likiwa ndani ya begi. Nyuzi zinalivuta daraja kwenda mbele na juu, linataka kubingirika. Likikataa kung'oka basi uso wa gita wenyewe unavimba nyuma ya daraja kama tumbo na kudidimia mbele yake karibu na tundu. Kidogo si mbaya, uso wa gita zuri huwa na tumbo kidogo kwa sababu ni mbao nyembamba. Lakini kama unaona kilima, acha.

Na ukiongeza joto unajimaliza. Gundi ya mbao hulainika kwenye joto kali. Gari limeegeshwa juani saa saba, gita liko kwenye buti, nyuzi zote zimekazwa, ukirudi saa kumi usimlaumu shetani. Vilevile magita yanayoning'inia kwenye kioo cha duka upande wa jua, yamekaa hapo miezi, yametuniwa yote. Mimi hayo siyagusi hata kwa punguzo.

Kwa hiyo ukienda dukani fanya hivi. Toa noti yako, ile ya karatasi si sarafu, pitisha pembeni zote za daraja hasa nyuma, ikiingia hata kidogo rudisha gita ukutani. Halafu angalia sado, kile kijipande cheupe kinachobeba nyuzi juu ya daraja. Kinatakiwa kitokeze kama milimita 3 hivi. Kama kimesuguliwa mpaka kimelingana na mbao ujue kuna mtu alishahangaika kushusha nyuzi na sasa hakuna pa kushushia tena, shingo ikiendelea kupinda kazi imeisha. Kisha omba rula ndefu, ilaze juu ya freti kuelekea daraja, ncha yake inatakiwa igote juu ya daraja au ipite hapo hapo, ikigonga chini yake, kwenye ubavu wa mbao, shingo imeshainama. Muuzaji atakuangalia kama unapima kitambaa. Muache aangalie.

Haya, sasa mpangilio wangu, na nasema wazi kabisa mimi ni mtu wa Yamaha, asiyependa asome kwingine.

Namba moja ni Yamaha FG820-12. Uso ni mbao nzima ya sprusi, mgongo na ubavu mahogani. FG ni ukoo wa zamani, walianza na FG180 mwaka 1966, na mimi nimekua na FG ya nyuzi sita ya mjomba pale Busia, ilikuwa inalala juu ya kabati chini ya mabati, mvua inakuja jua linakuja, watoto tunaipiga na kijiko, na daraja lake halijawahi kusogea. Zile Yamaha za zamani unaweza kuona vidoti viwili vyeupe kwenye daraja, chini yake kuna bolti, hawakuamini gundi peke yake. Na kama hukujua, ile nembo yao unayoiona kwenye pikipiki ni vyuma vitatu vya kutunia vimepishana, wale watu walianza na vinanda kabla ya injini. FG820-12 yangu ndugu yangu aliniletea, huu mwaka wa tatu, nakaa upande wa Ggaba karibu na ziwa kwenye unyevu wote ule, na kila mwezi napitisha noti. Haiingii. Ubaya upo, shingo kwangu imebana kidogo, vidole vyangu ni vinene na kodi ya D nyuzi zinagusana, na ikiwa mpya inasikika kavu kidogo. Nilizoea ndani ya wiki mbili.

Namba mbili Seagull S12 ya Kanada. Uso mwerezi, ubavu wa mcheri, shingo pana nzuri kwa vidole kama vyangu, na kichwa chake ni chembamba kwa juu kwa hiyo nyuzi zinaenda moja kwa moja kwenye funguo bila kukunjwa pembeni, hazikwami kwenye nati, kile kijipande chenye mifereji mwisho wa shingo, tuni inakaa. Ningeiweka ya kwanza kama moyo wangu haungekuwa umeshaolewa. Mwerezi ni laini tu, ukucha unaacha alama. Shida kuipata.

Namba tatu Taylor 150e. Nzuri jamani, sina la kusema, shingo imefungwa kwa bolti na si kubandikwa, ikiinama baadaye fundi anafungua anarekebisha pembe anafunga. Lakini huko inakouzwa bei yake inakaribia mara mbili ya Yamaha, na mimi kwa hiyo tofauti nanunua Yamaha na spika.

Guild wako na F-1512, ni jumbo, yaani gita la umbo kubwa kweli, wale nyuzi kumi na mbili ndo jina lao. Ukiweza, nunua. Ila usijaribu kupanda nayo boda kwenye foleni ya Jinja Road.

Za bei rahisi? Epiphone DR-212 uso wake ni plaiwudi, sauti imefungwa lakini plaiwudi haipasuki ovyo, kwa mwanafunzi sawa. Yale yasiyo na jina, yale ya laki tano laki sita, pitisha noti. Sina zaidi.

Sasa bei, maana hapa ndo roho inaniuma. Ukikosa unachotaka mjini unasema nitaagiza mwenyewe. Kampuni za kusafirisha kwa ndege hazipimi uzito peke yake, zinapima na boksi, na kilo zilizo kubwa zaidi ndo unalipia. Urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5,000. Boksi la gita tuseme 120 kwa 50 kwa 20, gawanya, unapata kilo 24. Gita lenyewe na boksi lake halifiki kilo 8! Unalipia hewa ya ndani ya gita. Halafu likifika Entebbe kuna ushuru wake na VAT asilimia 18, na hiyo VAT inahesabiwa mpaka juu ya hela ya usafiri, yaani ile hewa inatozwa kodi. Kwa hiyo mimi sikatai kwamba wenye maduka wanabeba mzigo, nawaelewa bambi (maskini wa watu), lakini basi ukishatutoza hiyo bei tupe gita lililokamilika. Unakuta kumi na mbili lina nyuzi kumi, ukiuliza unaambiwa mbili utanunua. Wapi? Uzi wa G mwembamba, ule wa okteva, yaani noti ileile ya muziki ila ngazi moja nzima juu, una unene wa inchi .008, ndo mwembamba kuliko wote na unalia juu kuliko hata E ya kwanza, ndo unaokatika kila mara, na mjini seti ya kumi na mbili kuipata ni bahati. Mimi nanunua seti ya gita la umeme inayoanza na .008 natoa ule wa kwanza, au .009 kama hakuna. Zilizobaki nampa Papa fundi.

Yeye ndo alinichekesha, nilipokuwa namweleza habari ya nyuzi nne za chini kuwa na wenzao wa okteva na mbili za juu kuwa mapacha sawasawa, akasema hiyo kwao inajulikana zamani. Wapiga rumba wa Kongo walikuwa wanatoa uzi wa D wanaweka mwembamba wa okteva juu, wanaita mi-composé, ndo ile sauti ya kung'aa kwenye sebene, ile sehemu ya magita ya kuchezea. "Nyinyi munanunua kumi na mbili, sisi tulibadilisha moja." Akaendelea kukwangua rangi yangu na kisu.

Ukishanunua, ushauri mmoja tu wa kupiga. Usitunie mpaka E. Shusha zote hatua nzima moja, E iwe D, halafu weka kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni, freti ya pili ukitaka kuimba na wenzako. Mvutano unapungua karibu moja ya tano, kama nusu mfuko wa simenti unashuka, vidole vinapona na daraja linapumua. Tunia kwanza zile sita kubwa ukiwa umezuia ndogo kwa kidole, ndogo zifuate. Ukitunia zote kwa pamoja mashine ya kutunia inachanganyikiwa na wewe pia.

Lile langu la laki tisa na nusu Papa alilibandika upya, juu ya mbao safari hii, akanirudishia likiwa na nyuzi sita. Nikamuuliza zingine ziko wapi. Akasema, "Mama, iache ipumzike."

Na yule binti wa kwaya alienda na noti yake jana. Amenitumia picha, noti imeingia mpaka nusu, na nyuma yake unaona mkono wa muuzaji unanyooshwa, alidhani anapewa deposit.